Nukta na mkwaju vinanitesa: include './menu.php' inakataa, include 'menu.php' inakubali. Kwanini?

Kijana_wa_Tandika #1

Wakuu habari za jioni. Najenga mfumo mdogo wa kikoba cha mama yangu na wenzake, hisa, mikopo, faini za kuchelewa, yaani ile kaunta buku yao ihamie kwenye simu. PHP kavu, hakuna fremuweki, nipo kwenye XAMPP (seva ya majaribio ya kwenye laptopu). Mpangilio wa folda ni huu:

kikoba/index.php
kikoba/inc/header.php
kikoba/inc/menu.php
kikoba/inc/db.php
kikoba/admin/index.php
kikoba/cron/kumbusha.php

Ndani ya header.php nimeandika include './menu.php' (include ni kuvuta faili lingine liingie humo), maana nilifundishwa nukta moja ni "folda hii hii". Header na menu zinalala chumba kimoja. Sasa nikifungua index.php:

Warning: include(./menu.php): Failed to open stream: No such file or directory

Nikifungua admin, vile vile. Nikifungua header.php yenyewe kwenye brauza, menyu inatokea safi kabisa. Nikifuta ile ./ ikabaki include 'menu.php', inafanya kazi kila mahali. Nukta na mkwaju tu jamani! PHP ina mushkeli au mimi? Siku ya pili hii sijalala vizuri.

Njugu_Mawe #2

Ni wewe 😂

Bingwa_wa_Kodi #3

Rahisi sana dogo. include ni kubandika. PHP inachukua yaliyomo ndani ya header.php inayamwaga ndani ya index.php, kwahiyo baada ya kumwaga ni kama vile ile include './menu.php' umeiandika ndani ya index.php, na index.php ipo kikoba/ ambako hakuna menu.php. Andika './inc/menu.php' maisha yaendelee.

Kijana_wa_Tandika #4

@Bingwa_wa_Kodi nimejaribu, index imekubali ila admin imekataa. Nikiandika '../inc/menu.php' admin inakubali index inakataa. Yaani nikimfunika huyu miguu ya yule inabaki nje.

mzee_wa_terminali #5

Hiyo ya kubandika kwenye #3 inafundishwa sana na inaleta matatizo sana. Ingekuwa kubandika kweli, include 'menu.php' bila nukta isingefanya kazi kutokea index, maana kikoba/ hakuna menu.php. Lakini mwenye uzi anasema inafanya. Kwahiyo PHP bado inakumbuka kwamba ule mstari umetoka inc/.

Kijana, weka hii mistari miwili juu kabisa ya header.php, fungua admin, halafu utuletee inachosema:

echo getcwd();
echo __DIR__;

Kijana_wa_Tandika #6

Shikamoo mzee. Imeandika

C:\xampp\htdocs\kikoba\admin
C:\xampp\htdocs\kikoba\inc

mzee_wa_terminali #7

Marahaba. Hapo umeona "hapa" ziko mbili. Ya kwanza ni folda ambayo PHP *amesimama*, na ukiingia kwa brauza seva inamsimamisha kwenye folda ya faili lile lililofunguliwa, yaani admin/. Ya pili ni folda ambamo faili lenye huo mstari *limelala*, yaani inc/. Ukianza njia na ./ au ../ PHP anaangalia aliposimama tu, hatafuti kwingine. Nukta yako haikumaanisha "jirani wa header.php". Ndiyo maana ulipofungua header.php yenyewe ikafanya, hapo aliposimama na faili lilipolala pamekuwa pamoja.

Ukiandika jina tupu 'menu.php', anapita kwanza kwenye orodha ya folda inaitwa include_path, akikosa humo anarudi kuangalia folda ya faili lenye ule mstari, na pale aliposimama, ndipo akate tamaa. Hapo ndipo alipoikuta menyu yako.

Dada_Semikoloni #8

Mzee umeeleza vizuri. Mimi huwa nawaambia wanafunzi wangu, ukimpigia mtu simu ukamwambia "nyumba ya tatu mkono wa kulia" bila kumwambia aanzie kituo gani, atafika nyumba ya tatu, ila ya watu wengine.

Njugu_Mawe #9

Na atakaribishwa chai kabisa 😂😂

Dada_Semikoloni #10

@Njugu_Mawe umecheka lakini ndicho kilichonikuta. Kuna taasisi moja niliwatengenezea mfumo wa kutuma sms. Folda ya lib/ ilikuwa na tuma.php na config.php yake ya majaribio, na tuma.php imeandika include 'config.php', jina tupu. Laptopu yangu haikuwa na tatizo miezi yote. Tumepandisha kwenye hosti, na admin/ nako kulikuwa na config.php nyingine, ya akaunti halisi yenye namba za watu. Nikafungua ukurasa wa majaribio kutokea admin. Ile include ikakutana na config.php ya admin kwanza, ikaichukua, haikulalamika, hakuna onyo wala nini. Watu wakapokea sms "TEST TEST mambo vp 123" saa nne usiku. Mpaka mwenyekiti akanipigia. Kosa linalopiga kelele ni zuri, hili la kwangu lilikaa kimya.

KobeWaUnguja #11

Yakhe "mambo vp 123" kwa mwenyekiti 😭

mkwezi254 #12

@Dada_Semikoloni pole lakini bado hujatuambia mbona kwa laptopu ilichukua ile ya lib na kwa hosti ikachukua ya admin. Kodi ni ile ile.

Dada_Semikoloni #13

Mpaka leo nadhani ni include_path. Ukiandika echo get_include_path() utaiona orodha yenyewe. Kwenye ile hosti ilikuwa inaanza na nukta, yaani .:/usr/share/php, na nukta humo ndani ni pale aliposimama, kwahiyo admin/ iliangaliwa kabla ya lib/. Kwenye XAMPP yangu ile nukta haikuwepo, kulikuwa na folda ya PEAR (maktaba za PHP) peke yake, ikakosa humo ikarudi kwa jirani yake lib/.

Bingwa_wa_Kodi #14

Mimi nadhani ulisahau tu kupandisha config.php ya lib. Hutokea.

Dada_Semikoloni #15

Ilikuwepo kaka. Niliikuta imekaa pale pale inaniangalia.

Kibwebwe #16

Jamani mnazunguka. Anza na mkwaju tu: include '/inc/menu.php', kama tunavyofanya kwenye href (viungo vya HTML). Mkwaju wa mwanzo ni mzizi wa tovuti. Mchezo umekwisha.

mzee_wa_terminali #17

@Kibwebwe hapana. href inasomwa na brauza, na brauza haijui lolote zaidi ya anwani, kwahiyo mkwaju wake unaanzia kwenye jina la tovuti. include inasomwa na PHP ndani ya seva, na mkwaju wake ni mwanzo wa diski. '/inc/menu.php' kwenye Linux ni folda inc iliyokaa jirani na /etc na /home. Jaribu uone.

Kibwebwe #18

Nimejaribu. Nimeona. Nanyamaza.

Shombo_la_Samaki #19

Tumieni $_SERVER['DOCUMENT_ROOT'].'/kikoba/inc/menu.php' mimi miaka sita sijawahi kulia.

mkwezi254 #20

@Shombo_la_Samaki hujawahi kulia kwa sababu hujawahi kuweka cron (kazi inayojiendesha yenyewe kwa ratiba). Ukiendesha kwa terminali hakuna tovuti, hiyo DOCUMENT_ROOT (folda ya mzizi wa tovuti) inakuja tupu, na tupu ukiunga na '/kikoba/inc' unarudi kwa kosa la @Kibwebwe hapo juu. Halafu siku mteja akihamisha mfumo kutoka folda ya kikoba kwenda kwa jina lake mwenyewe la tovuti unaanza kutafuta /kikoba kwa kila faili, moja moja, na chai imepoa.

Shombo_la_Samaki #21

Sawa nimekuelewa ila chai yangu haijawahi kupoa.

Nahodha_Mstaafu #22

Dawa ni moja: include __DIR__ . '/menu.php', __DIR__ ni folda ya faili lenyewe, asimame PHP popote, faili lako haliendi kokote. Ya folda ya juu: __DIR__ . '/../inc/db.php' au dirname(__DIR__) . '/inc/db.php'. Sisi wa zamani tuliandika dirname(__FILE__) mpaka vidole vikaota sugu, __DIR__ ilikuja na PHP 5.3 mwaka 2009. Na kuanzia PHP 7 unaweza kusema dirname(__DIR__, 2) ukapanda ngazi mbili kwa mpigo.

Na db.php usiiite kwa include, iite kwa require. include ikikosa faili inatoa onyo na kuendelea, ukurasa unaendelea bila database kama gari iliyokatika breki. require inasimamisha pale pale.

Kijana_wa_Tandika #23

Ahsanteni sana wakuu. Nimebadilisha zote kuwa __DIR__. Sasa hali imekuwa mbaya zaidi:

Failed to open stream ... C:\xampp\htdocs\kikoba\incmenu.php

Njugu_Mawe #24

incmenu 😂😂😂 umeandika __DIR__ . 'menu.php' mkwaju umeula

Nahodha_Mstaafu #25

Kila mtu hupita hapo mara moja. __DIR__ haiji na mkwaju mwishoni, uweke mwenyewe.

Kijana_wa_Tandika #26

Imekubali!! index, admin, zote. Mungu awabariki. Kesho napandisha.

KobeWaUnguja #27

Tuonane kesho kutwa basi.

Kijana_wa_Tandika #28

@KobeWaUnguja una mdomo mchafu aisee. Nimepandisha, na sasa kuna matatizo mawili.

1. Kwenye hosti header inatokea, menyu haitokei, No such file or directory, na njia inayotajwa ni sahihi kabisa: /home/…/public_html/kikoba/inc/menu.php. Nimeingia kwenye faili meneja, faili lipo!

2. kumbusha.php nikiifungua kwa brauza inatuma sms vizuri. Cron ya saa moja asubuhi inatoa kosa kwamba ../inc/db.php haipo. Lipo jamani. LIPO.

Bingwa_wa_Kodi #29

La 1 ni ruhusa za faili. Weka 644 (mwenye faili aandike, wengine wasome tu).

Shombo_la_Samaki #30

Au open_basedir, hosti nyingine zinafungia PHP asitoke nje ya folda fulani.

mkwezi254 #31

@Bingwa_wa_Kodi ingekuwa ruhusa angeandikiwa Permission denied. Na @Shombo_la_Samaki open_basedir ina maneno yake, inasema waziwazi open_basedir restriction in effect. Kosa lake linasema faili halipo. Buda hebu tuandikie majina ya mafaili vile yako kwa hosti, herufi kwa herufi, usiandike kwa kukumbuka.

Kijana_wa_Tandika #32

header.php
Menu.php
db.php

Njugu_Mawe #33

Haya. M kubwa hiyo hapo imekaa kwa heshima zake.

mzee_wa_terminali #34

Windows hajali Menu wala menu, Linux anajali. Kwenye laptopu ilikuwa Menu.php siku zote na hukujua.

Kijana_wa_Tandika #35

Lakini mbona #1 nilipotoa nukta ilikubali?

mzee_wa_terminali #36

Kwa sababu ulikuwa Windows. Soma tena #34 taratibu.

Nahodha_Mstaafu #37

La 2. Mle ndani ya kumbusha.php naona umeacha '../inc/db.php' haukuweka __DIR__. Kwa brauza seva ilimsimamisha PHP ndani ya cron/, akapanda ngazi moja akakuta inc/. Lakini PHP ya terminali haihami, inabaki pale ilipoitiwa, na cron inaita ikiwa imesimama kwenye folda ya nyumbani ya akaunti yako. /home/wewe, panda ngazi moja, unapata /home/inc/db.php. Umemtuma mtoto dukani ukiwa umesimama mtaa mwingine.

Shombo_la_Samaki #38

Hata kodi haigusi. Kwenye mstari wa cron andika: cd /home/wewe/public_html/kikoba/cron && php kumbusha.php

Nahodha_Mstaafu #39

Inafanya, ila siku mwingine akija kuandika cron ya pili asiweke cd, mnarudi hapa.

mkwezi254 #40

Ama chdir(__DIR__), mstari wa kwanza wa script. Hata file_get_contents na fopen zako za njia fupi zinanyooka, maana hizo nazo zinaangalia pale aliposimama. Wengi hurekebisha include pekee halafu faili la log linaandikwa nyumbani kwa akaunti hawajui.

Dada_Semikoloni #41

Nakazia hiyo. Na file_exists pia, unaweza ukaandika if (file_exists('menu.php')) include 'menu.php', ikakataa hata kama include peke yake ingekubali, maana file_exists haimtafuti jirani.

Mama_Kanga #42

Samahani nauliza ndani ya uzi wa mtu. Mimi kurasa zangu zinafanya kazi ila admin inatokea bila rangi, CSS haiji. Nikaweka href="<?php echo __DIR__; ?>/css/style.css" bado.

Njugu_Mawe #43

Dada umemwambia brauza ya mtu aliyepo Mwanza atafute C:\xampp kwenye simu yake 😂

Mama_Kanga #44

Usinicheke nilikuwa na haraka

Dada_Semikoloni #45

@Mama_Kanga usimsikilize. Ile ya #17 ndiyo jibu lako: CSS anaitafuta brauza, kwa kufuata anwani iliyopo juu. Ukiandika css/style.css ukiwa /kikoba/admin/ atatafuta /kikoba/admin/css/. Hapa sasa ndipo mkwaju wa @Kibwebwe una haki yake, andika /kikoba/css/style.css.

Kibwebwe #46

Ahsante. Nilijua tu.

Jongoo_wa_Mjini #47

Nyie wa __DIR__ kila faili mnachosha macho. Mlango uwe mmoja: maombi yote yapitie index.php, pale juu define('MZIZI', __DIR__); halafu kila mahali require MZIZI . '/inc/db.php'. WordPress wanafanya hivyo na ABSPATH yao miaka yote. Mafaili mengine yasiwe hata ndani ya public_html.

Nahodha_Mstaafu #48

Na cron haipiti kwenye index.php yako. MZIZI haipo, PHP 8 inakufa hapo hapo.

Jongoo_wa_Mjini #49

Cron nayo inaita anza.php yenye ile define. Mstari mmoja.

Nahodha_Mstaafu #50

Inaitaje anza.php?

Jongoo_wa_Mjini #51

...kwa __DIR__

Njugu_Mawe #52

Nimepiga makofi peke yangu chumbani

KobeWaUnguja #53

Msimshangilie Nahodha mapema. __DIR__ inafuata viungo (symlink, njia za mkato za Linux) mpaka lilipo faili la asili. Mimi nina inc/ moja tu kwenye seva, tovuti tatu zimeiunganisha kwa ln -s, kila tovuti na config.php yake. Ndani ya inc/ nikiandika __DIR__ . '/../config.php' zote tatu zinakwenda kwenye folda ya asili, hazirudi kwenye tovuti iliyoita. Wiki nzima tovuti ya hoteli ilikuwa inaonyesha simu ya duka la vipuri. Kwangu mimi jina tupu na include_path iliyopangwa vizuri ndiyo iliyoniokoa.

mzee_wa_terminali #54

Hapo tatizo ni kuunganisha inc/ kwa ln -s, siyo __DIR__.

KobeWaUnguja #55

Hapo tatizo ni bei ya diski yakhe.

Jongoo_wa_Mjini #56

Wekeni Composer (chombo cha kusimamia maktaba za PHP), require moja tu ya vendor/autoload.php, madarasa (class) yanajiita yenyewe, hizi stori zote ziishe.

mkwezi254 #57

Kijana ana mafaili sita na mama anasubiri kikoba, wewe unamletea Composer. Na menu.php siyo darasa, autoload haitaiita.

Bingwa_wa_Kodi #58

Swali nje ya mada, hivi nikiandika include $_GET['uk'] . '.php', ili nibadilishe kurasa kuna shida?

mzee_wa_terminali #59

Ndiyo. Itoe leo. Mgeni ataandika ../../ anavyotaka na wewe unamfungulia mlango. Weka orodha ya kurasa zinazoruhusiwa, kama jina halimo asipite.

Bingwa_wa_Kodi #60

Niulize kwa niaba ya rafiki.

Kijana_wa_Tandika #61

Wakuu mrejesho. Jana usiku nimefanya yafuatayo kwa pamoja: nimebadilisha Menu.php kuwa menu.php, nimeweka __DIR__ ndani ya kumbusha.php, nimeweka na cd kwenye mstari wa cron, na chdir pia nimeweka, na ruhusa nimeweka 644. Leo saa moja asubuhi kina mama wote wamepata ujumbe wa marejesho. Mama kanipigia anauliza mbona na yeye kadaiwa.

Shombo_la_Samaki #62

cd yangu hiyo.

Nahodha_Mstaafu #63

__DIR__ hiyo. Toa cd uone kama kuna kitakachobadilika.

Shombo_la_Samaki #64

Atoe __DIR__ aache cd tuone.

Bingwa_wa_Kodi #65

Na 644 mmeisahau.

Kijana_wa_Tandika #66

Sitoi chochote. Hakuna atakayegusa lile faili.

Fundi_Mpya_2 #67

Sijasoma komenti zote ila mkuu jaribu kuweka ./ mbele ya menu.php, nukta moja maana yake ni folda hii hii